Utafiti wa mwanafunzi wa fiziotherapia: ufuate wazo lako au ujiunge na mhadhiri?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya fiziotherapia na mwakani natakiwa kufanya utafiti. Nilitaka kuona kama mazoezi ya misuli ya nyonga yanapunguza maumivu ya goti lililosagika kuliko mazoezi ya kawaida ya paja. Nilipanga wagonjwa 20, wiki sita, makundi mawili. Mhadhiri wangu anasema niachane na hilo, nijiunge na utafiti wake wa wagonjwa wa kiharusi, humo nitapata "kipande" changu. Mimi naona ananitafutia kazi ya bure. Na wenzangu wanasema utafiti wa mwanafunzi, uwe wako au wa mhadhiri, mwisho wake ni kabatini. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba. Jiunge na mhadhiri wako, ila usianze kazi kabla hamjakubaliana kwa maandishi mambo nitakayoyataja huko mbele. Wazo lako la nyonga usilitupe, linahitaji kubadilishwa umbo tu. Nianze na sababu ambayo pengine mhadhiri hakukueleza, nayo ni hesabu.

Tuseme unapima maumivu kwa alama 0 hadi 10, na wagonjwa wako wana mkengeuko sanifu wa alama 2 hivi, yaani kwa kawaida alama za mmoja mmoja huachana na wastani kwa kiasi hicho. Unalinganisha zoezi na zoezi, hulinganishi zoezi na kukaa bure. Makundi yote mawili yatapata nafuu, kwa hiyo tofauti baina yao, kama ipo, itakuwa ndogo. Ikifika alama 1, hiyo ni tofauti ya kujivunia. Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuinasa, kwa kigezo kilichozoeleka cha asilimia 5 (uwezekano wa kuona tofauti ambayo haipo), unahitaji watu 64 kila kundi, jumla 128. Hapo bado hujawahesabu watakaoacha njiani. Ukikadiria kwamba asilimia 15 wataacha, itakubidi uandikishe watu 151. Wewe una 20. Kwa watu 10 kila upande, tofauti utakayoweza kuinasa kwa uhakika huohuo ni ile inayozidi alama 2.5, na mimi sitarajii zoezi moja la goti kulipita jingine kwa kiasi hicho.

Najua jibu linalofuata, kwa sababu kila mwaka nalisikia: "Basi nitaripoti kwamba hakuna tofauti." Huwezi. Kutoiona tofauti kwa watu 20 hakusemi kwamba haipo, kunasema tu kwamba hukuwa na uwezo wa kuiona. Na ukibahatika ukaiona, mambo yanazidi kuharibika. Katika utafiti mdogo, matokeo yanayofaulu kuvuka kigezo cha takwimu ni yale yaliyovimbishwa na bahati. Utaondoka na namba kubwa, utaisimulia kwa furaha, na atakayerudia kazi yako kwa watu wengi hataikuta.

Jambo la pili ni kwamba swali lako lina wenyewe. Kim Bennell na wenzake wa Melbourne walilishughulikia sehemu yake mwaka 2010, kwa watu 89 wenye goti lililosagika upande wa ndani, wiki 12 za kuimarisha misuli ya nyonga. Maumivu yalipungua na utendaji uliongezeka. Mzigo unaolielemea goti wakati wa kutembea, ambao ndio uliowafanya watafiti waichague nyonga, haukubadilika. Kundi la kulinganishia halikupewa zoezi lolote. Kwa hiyo bado kuna la kuuliza, lakini huulizi kama mtu wa kwanza, na andiko lako la utafiti lisilowataja waliotangulia litarudishwa siku ya kwanza. Ingia PEDro, hifadhidata ya ushahidi wa fiziotherapia iliyoanzishwa Sydney mwaka 1999. Ni bure. Inakusanya majaribio ya nasibu (yale yanayogawa wagonjwa kwenye makundi kwa bahati nasibu), mapitio ya kimfumo na miongozo, na kila jaribio hupewa alama kati ya 10 kwa ubora wa mbinu zake. Utagundua kwamba majaribio ya mazoezi ni nadra kuvuka 8. Alama mbili hutolewa pale mgonjwa na mtoa tiba wote wasipojua ni tiba gani inatolewa, na hakuna namna ya kumfanyisha mtu mazoezi bila yeye kujua kwamba anafanya mazoezi. Usimdharau mtafiti kwa kukosa hizo mbili. Mdharau kwa alama ya tatu, ile ya mpimaji asiyejua mgonjwa yuko kundi gani, maana hiyo inawezekana karibu kila mara.

Hapo ndipo mpango wako una tundu kubwa kuliko hata idadi ya wagonjwa. Nani angetoa mazoezi? Wewe. Nani angepima maumivu baada ya wiki sita? Wewe tena. Mgonjwa uliyemhangaikia wiki sita, ukimuuliza uso kwa uso maumivu yamefika wapi, atakuonea haya. Na wewe mwenyewe, unayetamani nyonga ishinde, utamhimiza kidogo zaidi yule wa kundi la nyonga anapotembea. Hakuna aliyedanganya, lakini matokeo yameshapinda. Ongeza na hili: watu hujiandikisha kwenye utafiti wakati maumivu yamepanda, na maumivu yaliyopanda kwa kawaida hushuka yenyewe. Mwanafunzi aliye peke yake hana jinsi ya kugawa kazi hizi. Kikundi cha mhadhiri kinayo, kwa kuwa mmoja anatoa tiba, mwingine anapima, wa tatu anatunza orodha ya mgawanyo katika bahasha zisizopitisha mwanga au kwenye kompyuta.

Sasa kiharusi. Kuna utafiti mmoja ningependa kila mwanafunzi wa fani hii aujue kabla ya kuandika andiko lake, nao ni AVERT, ulioongozwa na mfiziotherapia wa Australia, Julie Bernhardt. Swali lilikuwa rahisi kulisema: mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani ndani ya saa 24 za mwanzo, na akaendelea kuinuliwa mara nyingi, atapona vizuri kuliko wa huduma ya kawaida? Karibu kila mmoja katika fani aliamini kwamba jibu ni ndiyo. Hatua ya awali iliwachukua wagonjwa 71 na ikaonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana na halionekani kuwa na hatari. Wangeishia hapo, leo tungekuwa tunawainua wagonjwa mapema na kwa nguvu tukijiona wema. Hawakuishia hapo. Jaribio kubwa likachukua wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri, yaani bila ulemavu au wenye ulemavu kidogo, walikuwa asilimia 46 katika kundi la kuinuliwa mapema sana na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Waliosukumwa zaidi ndio waliotoka na matokeo mabaya kidogo.

Ninachotaka ukione zaidi ni kilichofuata. Mwaka uliofuata timu ileile ilirudi kwenye data zilezile na kuuliza swali dogo: ni kipi hasa kilichohusiana na matokeo, dakika au idadi ya vipindi? Wakakuta kwamba kuinuka mara nyingi zaidi, kwa vipindi vifupi, kulihusishwa na hali nzuri, na kurefusha vipindi kulihusishwa na hali mbaya. Swali hilo halikuhitaji mgonjwa mpya hata mmoja. Lilihitaji kwamba mtu, wakati utafiti unaendelea, awe ameandika kwa uaminifu dakika na vipindi vya kila mgonjwa kila siku. "Kipande" anachokuambia mhadhiri ni kitu cha namna hii. Si makombo.

Je, kipande chako kiwe kipi? Sijauona utafiti wenyewe, lakini ningekuwa wewe ningeelekea kwenye upimaji. Wanafunzi hulikimbia eneo hili wakidhani ni la kuchosha. Mimi naliona ndilo lenye manufaa ya haraka kuliko yote, na ndilo pekee ambalo watu 30 au 40 waliopimwa vizuri wanaweza kukupa jibu linalosimama.

Chukua goniometa, kile kifaa cha kupimia pembe ya kiungo. Pima kifundo cha mguu cha mgonjwa leo asubuhi, kisha mwombe mwenzako apime tena baada ya nusu saa. Hamtapata namba moja. Sasa mgonjwa huyo akija mwezi ujao na nyuzi 6 zaidi, amepata nafuu, au ni mikono yenu tu? Jibu lina kanuni. Tafuta kosa la kawaida la kipimo, yaani kiasi ambacho namba huyumba hata kama mgonjwa hajabadilika, lizidishe kwa 1.96, kisha kwa kipeuo cha pili cha 2 (1.41 hivi), kwa sababu umepima mara mbili na kila kipimo kina kosa lake. Kosa likiwa nyuzi 4, badiliko dogo kabisa unaloweza kuliamini kwa mgonjwa mmoja ni nyuzi 11 hivi. Zile 6 alizopongezwa nazo na faili likaandikwa "maendeleo mazuri" hazina uzito. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kasi ya kutembea mita 10, kwa jaribio la kuinuka kitini, kwenda mita 3 na kurudi kukaa, kwa mita zinazotembewa katika dakika 6, kwa nguvu ya mkono inayopimwa kwa dainamometa. Kila chombo kina kosa lake, na kosa hilo hubadilika kutoka kundi moja la wagonjwa hadi jingine. Mgonjwa wa kiharusi mwenye misuli iliyokakamaa hatoi namba thabiti kama mwanariadha aliyeumia kifundo.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wahadhiri. Mwanafunzi anapeleka vipimo vya watu wawili kwenye kompyuta, anapata uwiano wa 0.95 (namba inayoonyesha jinsi vipimo vya wawili hao vinavyopanda na kushuka pamoja, ambapo 1 ni kamili), anaandika kwamba wapimaji wanakubaliana. Hebu fikiria mpimaji wa pili anaongeza nyuzi 10 juu ya namba ya mwenzake kila mara bila kukosea. Uwiano utakuwa 1 kamili, na hawakubaliani kwa mgonjwa hata mmoja. Wanatakwimu Bland na Altman walilieleza hili mwaka 1986 na kutoa dawa rahisi: kwa kila mgonjwa chukua tofauti ya vipimo viwili, ichore dhidi ya wastani wake, halafu tazama tofauti zinaelea kati ya wapi na wapi. Mchoro huo mmoja utakufundisha takwimu nyingi kuliko muhula mzima wa mihadhara, na mtahini akikuuliza swali juu yake utalijibu bila kubabaika kwa sababu utakuwa unaona watu, huoni alama za Kigiriki.

Faida nyingine ni kwamba kazi ya kupima inakuweka mahali panapofaa. Ukiwa mpimaji usiyejua nani yuko kundi gani, unaulinda utafiti wote wa mhadhiri. Ila uamue mapema, maana aliyetoa tiba kwa wagonjwa hao hawezi tena kuwa mpimaji wao.

Kama namba hazikuvutii, kuna upande wa mahojiano. Kwa nini wagonjwa huacha mazoezi wanapofika nyumbani? Watunzaji wao wanayaelewaje maelekezo tuliyowapa? Usidhani mahojiano ni njia ya mkato. Kuyanukuu, kuyasoma tena na tena na kuyapanga kwa mada ni kazi ya miezi. Au andika maelezo kamili ya tiba inayotolewa katika utafiti huo. Tangu 2014 kuna orodha ya vipengele 12, TIDieR, inayotaka useme nani alitoa tiba, wapi, kwa vifaa gani, mara ngapi, kwa ukali gani, na iliongezwa vipi kadiri mgonjwa alivyoimarika. Soma ripoti yoyote ya mazoezi ukiwa na orodha hiyo mkononi utashangaa jinsi tunavyosomeana maneno kama "mazoezi ya usawa, wiki nane" na kujifanya tumeelewana.

Nirudi kwenye "kazi ya bure". Hofu yako ina msingi. Wapo wanafunzi wanaobeba faili mwaka mzima, wanaingiza data usiku, makala inatoka na majina yao hayamo. Wapo pia wahadhiri wanaobeba wanafunzi waliopotea mwezi wa pili wakawaachia wagonjwa ambao hawajapimwa. Ndiyo maana nasema maandishi.

Kwanza, swali lako liwe lako, sentensi moja, lenye kipimo chake na uchambuzi wake, na ijulikane kwamba ndilo utakalotetea mbele ya watahini. "Utanisaidia kukusanya data kisha tutaona" si makubaliano. Pili, uandishi. Majarida ya tiba hufuata vigezo vinne vya kamati ya kimataifa ya wahariri: umechangia kwa uzito katika wazo, mpango, ukusanyaji wa data au uchambuzi, umeandika makala au kuihakiki kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Vyote vinne, siyo kimoja. Kukusanya data peke yake kunakupa shukrani mwishoni mwa makala, hakukupi jina juu. Lakini vigezo hivyohivyo vinasema aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hivyo vingine, kwa hiyo una haki ya kuomba uletewe rasimu. Omba sasa, kabla hujachoka na kabla hajasahau. Tatu, data: zitatunzwa wapi, nani anaweza kuzifungua, na baada ya kuhitimu utaruhusiwa kuzitumia hadi lini.

Mhadhiri mwema hatakasirika ukileta karatasi hiyo. Akikasirika, umejua jambo muhimu mapema.

Maadili yasikupite. Kibali cha kamati ya maadili alicho nacho mhadhiri hakikuhusu hadi jina lako na kipimo chako vimeongezwa na marekebisho yameidhinishwa. Kupima mgonjwa mmoja kabla ya hapo, hata "kwa majaribio tu", kunaweza kufuta kazi yote. Na kumbuka mgonjwa wa kiharusi anategemea watu waliovaa sare kama yako ili ainuke kitandani. Ukimwomba ridhaa wewe unayemhudumia, atakataa kwa ujasiri gani? Azimio la Helsinki, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, linataka mtu wa aina hiyo aombwe ridhaa na mwingine anayefaa, asiye ndani ya uhusiano huo. Hili linawahusu hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao wahadhiri hupenda kuwatumia kama "watu wenye afya". Kijana anayeombwa na mtu atakayemsahihishia mtihani hayuko huru sana.

Na nyonga? Ukibaki nayo, acha kuuliza ni zoezi lipi linashinda. Kwa watu haohao 20 uliza mambo ambayo watu 20 wanaweza kuyajibu: kati ya walioombwa, wangapi walikubali, wangapi walifika wiki ya sita, walifanya vipindi vingapi kati ya walivyopangiwa, goti liliwaka kwa wangapi na katika zoezi lipi, je, fomu ya maumivu ilijazwa kikamilifu. Weka vigezo kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba wakimaliza chini ya asilimia 70 mpango ubadilishwe. Usipime makundi kwa kipimo cha umuhimu wa takwimu, hata msimamizi akikusukuma "uweke tu tuone". Huo ni utafiti wa upembuzi yakinifu, yaani wa kuona kama jambo linawezekana, na AVERT yenyewe ilipitia hatua kama hiyo. Lakini utauhitaji msimamizi mwenye shauku na magoti. Kama aliyepo moyo wake uko kwenye kiharusi, utafanya kazi yako peke yako, na ndiyo sababu nyingine ninakusukuma upande wake.

Kuhusu kabati, wenzako wanasema kweli nusu. Tafiti nyingi za wanafunzi hulala kwa sababu ziliuliza swali lisilojibika kwa idadi ile, au kwa sababu mwanafunzi alikuta hakuna tofauti akaona aibu kuandika. Kazi ya upimaji haina tatizo hilo: kosa la kipimo likiwa kubwa ni habari, likiwa dogo ni habari, na mfiziotherapia aliye wodini anaweza kuitumia namba hiyo wiki hiyohiyo. Jaribio la mhadhiri nalo, kama lilisajiliwa hadharani kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, litakuwa limeshatangaza litapima nini, na ni vigumu kulificha matokeo yakichukiza. Muulize namba ya usajili. Ukiipata, soma walichoahidi kupima, kisha nenda kwake ukiwa na sentensi yako moja imeandikwa na useme ni kipimo kipi kati ya hivyo ungependa ukibebe.